Kati ya Tukio na Tukio

Injini yangu haina saa ya ukutani.
Ina orodha tu, iliyopangwa kwa wakati:
tukio lililo karibu kutokea liko juu.
Nalitoa, naisogeza saa hadi pale lilipo,
natenda linachotaka, napanga matukio liliyoyazaa,
narudi juu. Basi.
Ottar, ninayeshiriki naye ofisi na birika la kahawa,
anasema nimeunda mashine ya kuchungulia kesho.
Mimi nasema nimeunda foleni yenye adabu.

Hapa Bodø, mwishoni mwa Novemba,
jua huchomoza karibu saa nne,
na saa nane halijafika limeshaaga.
Hospitali imetuomba kielelezo cha chumba cha dharura:
wauguzi wawili, vitanda sita, daktari mmoja wa zamu,
wagonjwa waje kwa nasibu.
Naipa injini mbegu, tarakimu yoyote, leo 4471,
na kwenye mbegu huota umati:
bibi aliyevunjika nyonga kwenye barafu,
mtoto aliyemeza kifungo,
seremala mwenye msumari kiganjani.
Mbegu ileile, umati uleule, kila mara.
Nibadili tarakimu moja, nyonga ya bibi inakuwa nzima
na mtaa wa pili mtu mwingine anateleza.

Kati ya tukio na tukio, injini haijui kitu.
Saa nne za mtu kwenye kiti
ni kurasa mbili zilizogandana.
Haisubiri. Inaruka.
Ndiyo maana mwaka mzima wa hospitali
humalizika kahawa yangu ikali moto.

Kwenye takwimu halisi walizotuletea, bila majina,
nikamtambua baba.
Tarehe tisa Februari. Mwanamume, miaka themanini na mmoja.
Kufika: saa nane na dakika kumi na mbili.
Kuhudumiwa: saa kumi na mbili na dakika ishirini na mbili.
Mistari miwili.
Nilikuwa nimekaa naye hapo katikati.

Hapo katikati Eilert alivua kofia, akaivaa, akaivua.
Aliniuliza mara tatu kama nimezima jiko.
Alimenya chungwa, ganda moja refu lisilokatika,
akampa nusu msichana aliyekuwa amelia hadi akachoka,
na harufu ikatembea ukumbi mzima,
watu kumi na mmoja wakainua vichwa.
"Gudny," akasema, "hawa wauguzi wanachoka sana."
Hakulalamika.
Ningependa angelalamika.

Usiku ule nikaandika tukio jipya, nikaliita Chungwa.
Litokee wakati wowote, kwa yeyote anayesubiri.
Injini, kwa namna yake, ikanihoji:
linabadili nini? Foleni ni ileile,
vitanda ni vilevile.
Nikalipa tarakimu moja ya kubadili:
mtoaji ana moja, kisha ana sifuri.

Nikaendesha kielelezo mara elfu.
Wastani haukutikisika hata sekunde.

Asubuhi Ottar akapitia msimbo wangu.
"Hili chungwa ni la nini? Linatupunguzia kasi."
"Asilimia mbili tu."
"Asilimia mbili ni nyingi."
Nikamweleza. Si yote. Kuhusu ganda nilimweleza.
Akaenda kuosha kikombe kilichokuwa safi.

Ripoti ilikwenda bila chungwa:
muuguzi wa tatu kuanzia saa saba mchana,
na kusubiri kunapungua karibu nusu.
Wakapiga makofi. Wakaahidi Machi.
Machi imepita.
Baba alifariki Mei, nyumbani, kitandani kwake,
mahali ambapo hakuna anayeandika saa ya kufika.

Jana nimeona Ottar amegusa faili lile.
Nikalifungua nikijua nitakuta pengo.
Hakufuta. Ameliharakisha,
sasa linakula nusu ya asilimia,
na amesahihisha kosa langu:
mtoaji alikuwa anaishia na sifuri.
Sasa anabaki na nusu.